Vitabu vya Kujifunza Viendeshi vya Linux: Angalia Mwaka Kabla ya Kutoa Pesa

Kijana mmoja wa Mau Narok alifika ofisini kwetu mjini Nakuru akiwa na kitabu kinene kilichotolewa nakala na kufungwa kwa waya wa plastiki. Alikuwa amekinunua kwa pesa za karoti, kutoka nusu ekari aliyolima pamoja na mamake. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, cha kufundisha jinsi ya kuandika viendeshi vya vifaa katika mfumo wa Linux. Swali lake lilikuwa moja: je, maktaba ya umma inaweza kununua kingine? Hiki, alisema, kinamdanganya.

Mfano wa kwanza kabisa wa kitabu ulikuwa umefanya kazi vizuri. Baada ya hapo kila alichonakili kwenye kompyuta kilikataliwa kwa makosa mengi mekundu. Alidhani laptopu yake ni mbovu. Akaipeleka kwa fundi, akalipa. Laptopu haikuwa na shida. Akaanza kuamini kwamba shida ni yeye.

Shida haikuwa yeye pia. Kitabu hicho ni kizuri, pengine ndicho kinachojulikana kuliko vyote katika somo hili, lakini kilichapishwa mwaka 2005 na kompyuta yake ilikuwa na Linux ya juzi. Na kuna jambo la pili ambalo aliyemuuzia hakumwambia: kitabu hicho hicho waandishi wake walikiweka wazi, mtu yeyote anaweza kukipakua bila kulipa hata shilingi.

Tangu siku hiyo tumeulizwa swali kama lake na wengine, hasa wanafunzi walio likizoni na vijana wanaotengeneza vifaa vidogo vya shambani. Mimi nilisomea uandishi wa habari, si uhandisi. Kwa hivyo kabla ya kuandika haya niliketi na wanaoifanya kazi hii, nikasoma dibaji za vitabu vyenyewe, na nikajaribu mifano michache kwenye laptopu kuukuu. Ilikwama mara mbili. Tutafika hapo.

Kiendeshi ni nini

Kompyuta haijui kusoma kipimajoto, kuzungumza na modemu wala kuchapa karatasi mpaka ielezwe namna. Programu inayoieleza ndiyo kiendeshi. Wenye kompyuta wengi husema draiva. Kiendeshi hukaa ndani ya kiini cha mfumo, mahali penye mamlaka yote juu ya kumbukumbu na vifaa. Programu ya kawaida ikikosea hufungwa peke yake. Kiendeshi kikikosea kinaweza kuangusha mashine nzima.

Linux ni kiini kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Leo kimo kwenye seva nyingi za intaneti, kwenye ruta, na kwenye kila simu ya Android, ikiwemo ile unayotumia kutuma pesa sokoni. Msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Mtu aliyeko Mau Narok anausoma ule ule anaousoma mhandisi wa California, na hii ndiyo sababu somo hili linaweza kujifunzwa kijijini, kukiwa na umeme na subira.

Sasa, kwa nini kitabu cha 2005 kigome? Fikiria hoteli ya stendi. Mteja huagiza chapati na ndengu kwenye dirisha lile lile kila siku, na wenye hoteli hawathubutu kuligusa dirisha hilo kwa sababu wateja watakasirika. Jikoni ni habari nyingine: meko huhamishwa, sufuria hubadilishwa, mpishi mpya hupanga rafu upya. Wasimamizi wa Linux wana msimamo kama huo, na wameuandika waziwazi ndani ya nyaraka za kiini. Upande unaotumiwa na programu za kawaida haupaswi kuvunjwa. Upande wa ndani, ambako viendeshi hukaa, unaweza kubadilishwa wakati wowote inapoonekana kuna njia bora. Toleo jipya la kiini hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Hesabu mwenyewe ni mangapi yametoka tangu 2005.

Je, unahitaji kuandika kiendeshi?

Hapa ndipo ningependa mkulima na mwanawe wasome polepole, maana wengi wanaotafuta vitabu hivi hawavihitaji.

Chukua mfano wa ghala la viazi. Mau Narok iko juu, kuna baridi, na wengi huhifadhi viazi wakisubiri bei ipande. Joto likizidi, viazi huchipua. Mwanga ukiingia, hugeuka kijani na kuwa na sumu. Kijana mwenye akili atataka kuweka kihisi cha joto ghalani na kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi, ili apate vipimo usiku kucha bila kuamka. Kihisi kinachopatikana kwa urahisi ni DS18B20, chenye nyaya tatu. Akitafuta namna ya kukiunganisha atakutana na neno "kiendeshi", na kesho yake yuko mjini akinunua kitabu cha kurasa 600.

Kiendeshi cha DS18B20 kimo tayari ndani ya Linux. Kinaitwa w1_therm. Kwenye Raspberry Pi unaongeza mstari mmoja, dtoverlay=w1-gpio, katika faili ya config.txt, unawasha upya, na kipimo kinajitokeza kama faili ya kawaida chini ya /sys/bus/w1/devices. Ukifungua faili iitwayo w1_slave, ukiona t=8500, ghala liko nyuzi 8.5. Kinachobaki ni programu fupi ya Python ya kusoma namba hiyo na kutuma ujumbe. Vihisi vya DHT11 na BME280, vya unyevu na joto, navyo vina viendeshi vyao tayari.

Huko Nyeri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi wametumia Raspberry Pi kurekodi sauti za ndege katika hifadhi ya chuo. Kazi ya aina hiyo hujengwa zaidi juu ya viendeshi vilivyokwisha kuandikwa na wengine, na hakuna aibu katika hilo.

Basi anayehitaji kweli kujifunza ni nani? Ni yule aliyebuni kifaa chake mwenyewe, au aliyepata kifaa ambacho Linux haikitambui, au anayetaka kazi katika kampuni zinazotengeneza ruta, mita na vifuatiliaji vya magari. Na yupo pia anayetaka tu kuelewa mashine inafanyaje kazi chini kabisa. Huyo wa mwisho simkatishi tamaa hata kidogo.

Vitabu vyenyewe

Kwanza lugha ya C. Bila C usifungue kitabu chochote kati ya hivi. Kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, The C Programming Language, chapa ya pili ya 1988, ni chembamba na hakijazeeka kwa kiasi cha kumdhuru msomaji. Lakini ni kikavu kwa anayeanza. Cha K. N. King, C Programming: A Modern Approach, chapa ya pili ya 2008, kinaeleza taratibu zaidi na kina mazoezi mengi. Mtu asiyeweza kueleza kielekezi kwa maneno yake mwenyewe abaki hapo kwanza, hata kama ni miezi sita. Waliokimbilia mbele ndio niliowaona wakirudi.

Kitabu cha yule kijana kinaitwa Linux Device Drivers. Chapa ya kwanza ilitoka 1998, imeandikwa na Alessandro Rubini peke yake. Ya pili ni ya 2001, Rubini akiwa na Jonathan Corbet. Ya tatu, ya 2005, ilimwongeza Greg Kroah-Hartman, na ilifuata toleo la kiini 2.6.10. Ina sura 18. Wahandisi wote niliozungumza nao waliitaja, na wote waliitaja kwa namna moja: isome kwa maarifa, usinakili msimbo.

Nieleze tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo iliyomgharimu kijana wetu. Sura ya 5 inafundisha nini hutokea watu wawili wakigusa kumbukumbu moja kwa wakati mmoja, na namna ya kufunga kufuli. Sura ya 10 inaeleza makatizo, yaani kifaa kinavyoigusa kompyuta bega kuiambia "nina habari". Mawazo hayo hayajabadilika, na sijaona mahali yanapoelezwa vizuri zaidi. Kilichobadilika ni majina na maumbo ya vitendakazi. Mfano wa sura ya 4 unatumia create_proc_read_entry, kilichoondolewa katika toleo la 3.10 mwaka 2013. Sura ya 6 inategemea sehemu iitwayo ioctl iliyoondolewa mwaka 2010. Mahali pake pana unlocked_ioctl. Sura ya 7 inaanzisha saa kwa init_timer. Tangu toleo la 4.15 la Januari 2018 ni timer_setup. Na msimbo wa mifano unaanza kwa kuita faili ya config.h ambayo haipo tena. Ndiyo maana mfano wa salamu wa sura ya 2 ulimkubali na yote yaliyofuata yakamkataa.

Kuna mambo ambayo kitabu hicho hakiyagusi kabisa kwa kuwa yalikuja baadaye. Kubwa kwetu ni ile orodha ya vifaa, device tree kwa jina lake la Kiingereza, ambayo bodi ndogo kama Raspberry Pi huisoma ili zijue nini kimeunganishwa wapi. Anayefanya kazi na bodi hizo bila kuijua ni kama anayetafuta shamba Mau Narok kwa kutumia ramani ya mgao wa zamani: vilima ni vile vile, mipaka siyo.

Hadi leo chapa ya nne ya kitabu hicho haijatoka. Mtu akikuuzia "chapa ya nne", muulize maswali kabla hujafungua pochi.

Kwa anayeanza sasa, ningeweka mbele kitabu cha bure kiitwacho The Linux Kernel Module Programming Guide. Kilianza zamani na Ori Pomerantz, wakaja Peter Jay Salzman na Michael Burian, na katika miaka ya karibuni Jim Huang na wenzake wamekisasisha kiendane na matoleo ya 5 na ya 6. Ni kifupi, unaweza kukimaliza katika likizo moja. Hakina kina, kinakufanya uandike moduli, uipakie, uitoe, na uone maneno yako yakitokea kwenye kumbukumbu za mfumo. Kwa mtu aliyevunjika moyo, hiyo ni dawa.

Baada ya hapo kuna vitabu viwili vya kulipia. Kaiwan Billimoria aliandika Linux Kernel Programming. Chapa ya pili, ya 2024, inafuata toleo la 6.1, ambalo ni kati ya yale yanayotunzwa kwa muda mrefu. Ni kirefu na mwandishi hana haraka, hurudia jambo mpaka likuingie. Wengine hilo huwachosha. Mimi, nisiye mhandisi, nilimshukuru. Lakini elewa kwamba ni kitabu cha kiini kwa jumla. Viendeshi vyenyewe amevitengea kitabu mwenza cha 2021, kinachobeba maneno Part 2.

John Madieu ndiye wa kumfuata ikiwa lengo lako ni bodi ndogo na vihisi. Kitabu chake cha viendeshi kilitoka 2017, na chapa ya pili 2022. Anaingia moja kwa moja kwenye orodha ya vifaa, kwenye njia za I2C na SPI ambazo vihisi vingi huzitumia, na kwenye mfumo wa IIO ambamo vihisi vya joto, unyevu na mwanga husajiliwa. Kasi yake ni kubwa. Angalia unanunua chapa gani: ya kwanza na ya pili huuzwa bega kwa bega, na ya kwanza hupewa bei ndogo ya kuvutia.

Vingine nitavitaja kwa kupita. Robert Love, Linux Kernel Development, chapa ya tatu ya 2010, unasomeka vizuri kama picha ya jumla. Bovet na Cesati, Understanding the Linux Kernel, wa 2005, ni wa kuazima, si wa kununua. Essential Linux Device Drivers cha Sreekrishnan Venkateswaran, cha 2008, kina upana mzuri wa vifaa, lakini kimezeeka kama nduguye wa 2005.

Kampuni ya mafunzo ya Ufaransa, Bootlin, hutoa bure slaidi na mazoezi yake yote ya viendeshi, na huyasasisha. Wahandisi wawili waliniambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba wangelazimika kuchagua kitu kimoja tu wangechukua hayo.

Sijakutana na kitabu cha Kiswahili juu ya viendeshi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na ukakusanya istilahi za kompyuta, lakini kazi hiyo haikushuka hadi kwenye kiini. Kwa hivyo utasoma kwa Kiingereza. Ushauri wangu ni msome wawili wawili, na mmoja amweleze mwenzake kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Mahali maelezo yanapokwama ndipo hamjaelewa.

Dakika tano kabla ya kulipa

Fungua terminali ya kompyuta yako uandike uname -r. Utaona toleo la kiini. Anayetumia Ubuntu 22.04 kama ilivyotoka ataona namba inayoanza na 5.15, Ubuntu 24.04, 6.8. Kisha fungua dibaji ya kitabu utafute kinafuata toleo gani. Dibaji isiyosema ni sababu ya kutosha ya kukirudisha kwenye rafu.

Nenda kwenye faharasa nyuma. Tafuta timer_setup, tafuta device tree, tafuta vitendakazi vinavyoanza na devm. Ukivikuta, kitabu ni cha karibuni. Ukikuta init_timer na hukuti hivyo vingine, kitabu ni cha zamani hata kama jalada linang'aa na tarehe ya uchapishaji ni mpya. Kuchapa upya si kuandika upya. Kitabu kipya kutoka ng'ambo kinaweza kumgharimu mkulima zaidi ya bei ya shambani ya mfuko wa viazi wa kilo 50. Dakika hizo tano hazigharimu kitu.

Na jambo la usalama. Usijaribu viendeshi kwenye kompyuta pekee ya nyumbani, wala ya saiba, wala ya shule. Laptopu niliyoitumia iligandia mara mbili kwa kosa la herufi chache, na mara ya pili nilipoteza faili ya hotuba niliyokuwa sijahifadhi. Sakinisha VirtualBox au QEMU uunde mashine pepe ndani ya kompyuta yako. Ikianguka, unaifungua tena. Au tumia Raspberry Pi na uwe na nakala ya kadi yake ya kumbukumbu. Kwa sehemu ambazo umeme hukatika mvua inaponyesha, hifadhi kazi kila mara kwenye flashi.

Haki ya kunakili, na maktaba

Turudi kwa nakala ya kijana. Linux Device Drivers chapa ya tatu iko chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili, kuchapa na kugawa, hata kwa malipo, mradi waandishi watajwe na leseni ibaki ile ile. Mwenye saiba anayekichapa na kutoza gharama ya karatasi hajavunja sheria. Wewe pia unaweza kukipakua kutoka tovuti ya LWN mara moja, ukakiweka kwenye flashi na kuwagawia darasa zima. Mazoezi ya Bootlin yana leseni ya namna hiyo. Lakini vitabu vya Madieu, Billimoria, Love, King na Kernighan si hivyo. Kuvitoa nakala nzima na kuviuza ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na anayefanya hivyo hawezi kujitetea kwamba ni vya masomo.

Kuhusu swali lake la kwanza, kama maktaba ya umma inaweza kununua: maktaba ni moja ya majukumu yaliyopewa kaunti na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Fedha zake hupangwa kama za barabara za mashambani na zahanati, na hushindania kapu moja nazo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Anayetaka vitabu vya kompyuta maktabani anapaswa kulisema jambo hilo mapema, katika vikao vya maoni ya umma au kwa maandishi kupitia ofisi ya msimamizi wa wadi.

Mkiandika, msiandike "vitabu vya kompyuta" tu. Andikeni jina la kitabu, mwandishi, chapa na mwaka. Ombi lisilotaja chapa huishia kwa kitabu cha bei nafuu zaidi, na katika somo hili cha bei nafuu mara nyingi ni cha 2005, ambacho hakuna sababu ya fedha za umma kukinunua kwa kuwa kinapatikana bure.

Kijana wetu amerudi kwenye kitabu chake, safari hii kikiwa kando ya ule mwongozo wa bure. Anasoma sura katika kimoja na kuandika msimbo kutoka kingine. Mara ya mwisho kuzungumza naye alikuwa kwenye makatizo, amefunga kitufe cha kengele ya mlango kwenye Raspberry Pi aliyoazima, na kila mamake akikibonyeza akipita, mstari mmoja unatokea kwenye skrini.